Mteremko wa Mikaratusi

Joyness, msichana wa sheli ya Nkwenda, alirudisha bomba kwenye pampu, akafunga kifuniko cha tanki, akasema kwa utani, "Mzee Egbert, limejaa kwa lita kumi na nane tu. Siku hizi gari lako limeokoka."

Egbert hakucheka. Alikuwa ameshainama kwenye dashibodi kusoma kilomita. Kwa mwaka mzima alikuwa akiweka kidogokidogo bila kupima, na tangu alipojaza tanki tena, Corolla yake ilikuwa imetembea kilomita mia mbili arobaini na tatu. Aligawa kichwani, kama alivyozoea kwa miaka kumi na minne ya gari lile, akapata kumi na tatu na nusu kwa lita. Akagawa tena, maana hakuamini. Ikawa kumi na tatu na nusu vilevile.

Alikuwa hajawahi kufika hapo. Siku zote alikuwa akipata kumi na moja, na masika, barabara ikigeuka uji, anapata kumi na kununa juu yake. Akatafuta sababu. Plagi zilikuwa zilezile. Matairi yalikuwa yaleyale, tena moja lilikuwa na upara. Barabara ilikuwa ileile ya vumbi na mashimo. Ndani ya gari lile kilikuwa kimepungua kiti cha mbele tu, na aliyekuwa akikikalia, Dafroza, mkewe, aliyezikwa mwaka uliopita.

Alibaki ameshika usukani, macho mbele, mpaka dereva wa Fuso nyuma yake akampigia honi mara mbili.

Tuseme ukweli mapema ili tusije tukamwonea mtu. Egbert alikuwa na mkono wa birika, lakini kwa kitu kimoja tu. Nyumbani hakubania sukari. Ada za watoto alilipa bila kusukumwa, na kanisani alitoa. Ugomvi wake ulikuwa na petroli. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, bei mpya zinapotangazwa redioni, alikuwa hasemeshwi. Petroli inayofika Kyerwa imeshavuka nchi nzima kutoka bandarini, na safari yote hiyo analipa mnunuzi wa mwisho. Jambo hilo lilimchoma kana kwamba lilipangwa kwa ajili yake peke yake.

Kisha kulikuwa na kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita, kabla ya kustaafu, alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi kijijini kwake Kamuli. Alisimama kwenye mizani miaka mingi hadi jicho lake likawa mizani. Ukimpa mkono kumwamkia, ameshakupima: huyu sabini na mbili, huyu na mtoto mgongoni themanini kasoro. Kwake yeye mtu aliyesimama kando ya barabara hakuwa mtu aliyechoka kutembea. Alikuwa kilo kadhaa zitakazopandishwa mlima kwa petroli yake.

Dafroza alikuwa kinyume chake kabisa. Hakuweza kumpita mtu. "Simama, waitu, tafadhali, yule ni mama yake na fulani," na kabla Egbert hajakunja uso mlango wa nyuma umeshafunguliwa. Na watu wa huku unawajua: ukimpa mtu lifti hakuachi uende mikono mitupu. Anakuambia subiri kidogo, anaingia shambani, anatoka na mkungu wa ndizi, au maharage, au kuku aliyefungwa miguu. Kwa hiyo gari lililoondoka na watu wawili lilirudi nyumbani limeinamia nyuma kama ng'ombe mwenye mimba, na Egbert anahesabu kilo kimyakimya njia nzima.

Ila kilichomkera kuliko vyote ni mikungu ya Nyakatuntu. Huko aliishi Prudensia, dada mkubwa wa Dafroza, na kila mwezi walikwenda kumsalimu. Kila waliporudi, Dafroza alipakia mikungu mitatu mikubwa. Wao wenyewe nyumbani walikuwa na ekari mbili za migomba.

"Unapeleka ndizi penye ndizi?" Egbert aliuliza.

"Za dada ni tamu," Dafroza alijibu.

Walibishana hivyo miaka kumi na minne, na mikungu haikuacha kupanda gari.

Nafuu ya Egbert ilikuwa Mikaratusi. Ni mteremko mrefu ulio njiani kurudi Kamuli, umepandwa mikaratusi huku na huku. Akifika juu yake alitoa gia, akazima injini, akaacha ufunguo mahali ambapo usukani haufungi, na gari likashuka lenyewe bila kunywa hata tone. Rogasian, fundi wake, alimwonya mara nyingi kwamba injini ikizimwa breki zinakuwa ngumu na siku moja atazikwa na ubahili wake. Egbert alimsikia na hakumsikiliza. Kushuka bure kulimfurahisha, na akiwa amefurahi alikuwa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Dafroza alifariki Jumatano, hospitalini, na maziko yakapangwa Ijumaa. Prudensia alituma ujumbe kwamba atangoja gari barabarani, maana nyonga ilikuwa imemharibika tangu alipoanguka kisimani na hawezi kupanda pikipiki. Alhamisi jioni uani kwa Egbert kulikuwa kumejaa watu, turubai linafungwa, wanawake wanamenya ndizi, na mtu mmoja akamwinamia Egbert akauliza, "Dada wa marehemu tumfuateje?"

Mdomo wa Egbert ukajibu kabla yake mwenyewe. "Apande bodaboda. Nauli nitatoa."

Gari lilikuwa limesimama bandani na nusu tanki ya petroli. Mdomo ulikuwa umejibu hivyo kwa miaka kumi na minne, kwa kila mtu na kwa kila jambo, ukajibu tena. Na msibani nani atabishana na mfiwa?

Ijumaa Prudensia alikaa kando ya barabara tangu alfajiri juu ya kigoda, kanga imefungwa kiunoni. Bodaboda ilipofika alijaribu kupandisha mguu, akashindwa, akajaribu tena, akalia kwa maumivu, na dereva akaondoka peke yake. Saa tisa walitupa udongo kaburini bila mkono wa dada. Yule dereva, kwa kumwonea huruma, alikuwa amemwambia kwamba gari la shemeji yake halina mafuta.

Prudensia hakugombana na mtu. Aliacha tu kupokea simu ya Egbert.

Waombolezaji walipotawanyika, nyumba ikabaki na mtu mmoja. Mwanawe Ainebyona alikuwa Mwanza. Alipiga simu Jumapili, akauliza afya, akauliza mvua, akauliza gari, kisha wakaagana. Egbert alijifunza kumenya ndizi nne, kisha tatu, maana nne zilibaki. Jioni aliketi kibarazani na redio imezimwa. Alikuwa mpweke, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni mpweke.

Upweke ulimwandama hata barabarani. Zamani, gari lake likisikika tu, mikono iliinuliwa kando ya njia. Siku hizi watu walisogea majanini na kutazama upande mwingine mpaka apite. Ilimchukua miezi kuelewa kwamba mikono ile haikuwahi kuinuliwa kwa ajili yake.

Kuhusu kiti cha mbele, kile cha abiria, alikuwa amekwenda kwa Rogasian mwezi wa pili baada ya msiba akasema king'olewe, kina kilo kumi na nane za bure. Rogasian alikifungua akakiweka stoo, na mji mzima ukacheka. Ukweli ni kwamba kila alipogeuza shingo kutazama kioo cha kushoto alikuta kiti kitupu, na hakuweza kuendelea kukitazama. Heri wamwite bahili kuliko kueleza hilo.

Basi siku ile ya kumi na tatu na nusu alitoka Nkwenda polepole. Hesabu ambayo angeringia mwaka mzima haikumfurahisha. Kilomita mbili na nusu kwa kila lita ndizo alizokuwa akidai miaka yote, na sasa amezipata. Juu ya Mikaratusi alizima injini kwa mazoea. Gari tupu likashuka, likaanza kuchoka, likasimama penye shule ya msingi. Akakumbuka kwamba zamani lilikuwa likivuka shule na kwenda mbele zaidi. Hakujua kwa nini. Akawasha, akaenda nyumbani.

Jumamosi ya wiki ile ilipangwa misa ya mwaka mmoja tangu afe Dafroza. Egbert alimpigia Prudensia simu mara tatu. Iliita mpaka ikakata. Alitaka kitu kimoja tu, na alikuwa hajawahi kutaka kitu hivyo tangu ujana wake: mwanamke yule aje asimame kwenye kaburi la mdogo wake. Asipokuja, itabaki hivyo mpaka wote wawili wafe.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwa Rogasian. "Nirudishie kiti."

"Kile kizito?" Rogasian akacheka. "Mzee, si ulisema kinakunywa mafuta?"

"Funga kiti, Rogasian."

Rogasian alimtazama, akaacha utani. Alipokigeuza kiti ili afunge boliti, kwenye reli zake zikadondoka buni tatu kavu, zile za kutafuna. Dafroza hakuwahi kusafiri bila buni mdomoni. Egbert alizipokea kiganjani. Yeye aliyepima kahawa ya Kamuli nzima alizitazama zile tatu, akazitia kwenye mfuko wa shati, akafunga na kifungo.

Kisha akapitia sheli. Joyness aliuliza kama kawaida, "Ya shilingi ngapi, mzee?"

"Jaza."

"Juzi si ulijaza?"

"Jaza tena. Nakwenda kumchukua mtu."

Nyakatuntu alimkuta Prudensia uani, amekaa mkekani miguu imenyooshwa, anamenya ndizi. Alikuwa amepungua. Jicho la Egbert lilisema hamsini na tano, na mwaka uliotangulia alikuwa sabini. Egbert aliona aibu kuwa amempima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, muramu." Ndivyo mashemeji wanavyoitana huku, na alilitamka bila kuinua kichwa. "Umekuja na nini?"

"Na gari."

"Nimelisikia. Mwaka jana pia nilikuwa nalisikia. Kila gari lililopanda kilima kile niliinuka kwenye kigoda."

Egbert alikaa chini, nje ya mkeka. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakamtoka kichwani.

"Dada, nilikosa. Nimekuja kuomba msamaha."

"Mtu haombi msamaha kwa kukosa mafuta," Prudensia alisema. "Niliambiwa gari halikuwa nayo. Mafuta ni ghali, kila mtu anajua."

Mlango huo hapo ulikuwa wazi. Angeweza kupita, wakanywa chai, wakaondoka wameridhika. Egbert alitazama mikono yake.

"Lilikuwa nayo," akasema. "Nusu tanki. Yalitosha kuja na kurudi na kuja tena. Niliulizwa tukufuateje, nikasema bodaboda. Sikufikiri. Ndivyo nilivyozoea kusema."

Kisu kilisimama. Kuku walipita kati yao wakidonoa maganda. Prudensia akaendelea kumenya, ndizi moja, ya pili, ya tatu, mpaka sufuria likajaa, na Egbert akadhani ameshajibiwa. Akaanza kuinuka.

"Nilikuwa sipokei simu yako," Prudensia alisema, "kwa sababu nilijua. Mtu anayepima kila kitu hawezi kulaza gari bila mafuta siku ya maziko ya mkewe. Niliogopa utanidanganya kwa mdomo wako, nami nikuchukie mpaka kufa." Akafuta machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na utomvu. "Mawe!" Ndivyo wanavyomlilia mama huku. "Nusu tanki. Umeniumiza, Egbert."

"Najua."

"Hujui. Lakini angalau umesema." Akaelekeza kisu kwenye migomba nyuma ya nyumba. "Kakate mikungu mitatu. Ile mikubwa, siyo hiyo ya karibu."

Nyumbani Kamuli migomba ilikuwa inaangusha mikungu kwa kukosa mlaji. Egbert alichukua panga tu. Alikata, akabeba begani mmoja mmoja, na ingawa alijitahidi, jicho likapima: thelathini na mbili, thelathini na tano, thelathini. Gari likainama nyuma. Kisha akamshika Prudensia mkono, akamketisha kwenye kiti cha mbele, akauinua mguu wake mbovu kwa mikono miwili na kuuingiza taratibu.

Wakaondoka. Injini ilinguruma kwenye vilima, na Egbert, kama kawaida yake, aliisikiliza. Prudensia alitazama nje. Walipofika juu ya Mikaratusi, mkono wa Egbert ulishuka wenyewe kwenye ufunguo, akaushtukia, akaurudisha kwenye usukani. Siku ile asingembania dada tone la petroli.

"Mbona huzimi?" Prudensia aliuliza.

"Leo sizimi, dada."

"Hapa si Mikaratusi?"

"Ndipo."

"Basi zima."

Egbert alitoa gia, akazima. Ngurumo ikafa. Gari likaanza kushuka lenyewe, na wakasikia upepo kwenye majani, changarawe chini ya matairi, na ndizi zikisuguana nyuma.

"Ni kweli," Prudensia alisema kwa sauti ndogo. "Panasikika kila kitu. Alikuwa akinisimulia."

"Alikusimulia nini?"

"Kwamba gari likiwaka huongei naye. Unasikiliza injini kama daktari. Ukifika nyumbani umechoka, unasikiliza redio. Lakini hapa ukizima, unamgeukia. Unamwuliza habari. Alisema siku moja ulimwimbia, akacheka mpaka buni ikamtoka mdomoni."

Egbert hakukumbuka kuimba. Alikaza macho barabarani.

"Akaniambia, 'Dada, nimegundua kitu. Gari likiwa tupu linasimama shuleni. Likiwa na mzigo linapitiliza, linakwenda mpaka kalvati.' Alikuwa amelipima kama wewe tu. Kila mkija tulikuwa tunaingia shambani sisi wawili, tunachagua mikungu mikubwa kuliko yote. Mimi ndizi zenyewe nilijua mnazo."

Mbele yao shule ilikuwa imetokea, na uzio wake wa michongoma. Egbert aliitazama ikija. Kutoka shule mpaka kalvati ni mita kama mia nne. Kwa mwendo ule wa kuchoka, ni dakika moja, au moja na ushee. Aligawa na kuzidisha kichwani, hakuweza kujizuia, na hesabu ikamvunja moyo. Mkewe alikuwa akibeba karibu kilo mia moja kila mwezi, akivumilia manung'uniko yake njia nzima, kwa ajili ya dakika moja zaidi ya kuzungumza naye. Na yeye miaka kumi na minne aliidai ile petroli.

"Mbona hakuniambia?" akauliza.

"Angekuambia, ungezima na mdomo."

Gari lilipita shule. Halikusimama. Likaendelea kwenye tambarare, polepole, zito, likapunguza, likapunguza, na pua yake ilipovuka tu ukingo wa kalvati likasimama. Kijito kilikuwa kinapita chini yao. Mkono wa Egbert ulikwenda kwenye ufunguo.

"Acha kwanza," Prudensia alisema. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi sikuwapo. Niambie siku ile. Aliamkaje, alisema nini, nani alikuwa amemshika. Niambie yote."

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Egbert aliachia usukani. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa zile buni tatu, akamwekea moja kiganjani, na akaanza na asubuhi ile ya Jumatano, jinsi Dafroza alivyoamka akiomba uji na kisha akaukataa. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma, akisahau, akikumbuka, akilia mbele ya shemeji yake bila kuficha uso.

Bodaboda moja ilikuwa inapanda kutoka upande wa Kamuli. Dereva akapunguza mwendo, akaona gari limesimama kwenye kalvati, na wazee wawili ndani.

"Shikamooni! Vipi mzee, mafuta yameisha?"

"Marahaba," Egbert alijibu. "Yapo. Tunazungumza."